Edvina Hana Neno Lake

Kokuberwa alimsikia Kahigi kabla hajamwona. Alimsikia chini, mlangoni kwa muuza vitenge, akisalimia kwa mkato bila ule utani wake wa kila siku. Kisha viatu vyake vikaanza kupanda ngazi haraka haraka, na moyo wa Kokuberwa ukaenda navyo. Tangu asubuhi alikuwa akiomba asije leo, ingawa alijua kabisa kwamba atakuja.

Mlango ulifunguka. Yale macho aliyozoea kuyaona yakicheka kabla ya mdomo, leo hayakucheka.

"Habari za kazi, Sumaiya."

"Nzuri, Kahigi. Karibu kiti."

"Sitakaa. Naomba kuzungumza na Koku."

Sumaiya ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ile ndogo ya Miembeni, mjini Bukoba, na pia rafiki wa Kokuberwa tangu walipokuwa chuoni. Alimtazama mwenzake usoni, akaelewa, akachukua mkoba wake.

"Naenda kula," alisema. "Sitakawia." Neno hilo la mwisho alilitamka taratibu, akimwangalia Kahigi.

Walipobaki wawili, Kahigi hakuja kumshika mkono kama desturi yake. Alikwenda dirishani, akasimama akitazama mabati ya maduka na kipande cha ziwa kilichoonekana kwa mbali.

"Ile kampuni ya Dar wamenipigia simu," alisema. "Wako tayari kuitangaza gemu. Wanataka hata kuipeleka Kampala na Nairobi. Ila wana sharti moja. Unalijua?"

"Silijui."

"Nimtoe Edvina."

Kokuberwa alikivuta kiti chake. Aliketi.

Gemu yenyewe iliitwa Kibanja cha Babu, na ilikuwa kazi ya ujana wote wa Kahigi. Aliitengeneza chumbani kwake Nshambya, peke yake, wakati wenzake wakimcheka kwamba mtu mzima anachezea simu. Mchezaji wa gemu hiyo anarithi kibanja, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kutoka kwa babu yake, kisha anaamua mwenyewe: apalilie au auze, abaki kijijini au aende mjini, agombane na majirani au apatane nao. Na nyumbani kuna msichana anayemngoja, Edvina, mchumba wake. Edvina ana shingo ndefu na mwendo wa polepole, na akiwa na wasiwasi hukunja kidole gumba ndani ya ngumi. Mtu yeyote wa Bukoba aliyemjua Kokuberwa alimtambua mara moja. Mwanzoni jambo hilo lilimfurahisha Kokuberwa. Ni wanawake wangapi wanaopendwa mpaka wakatengenezwa upya na kuwekwa kwenye simu za watu?

"Ni ripoti yako," Kahigi alisema, bado akiwa amempa mgongo. "Wamenisomea. Kila penye jina la Edvina, hasira ya wachezaji inapanda. Ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo mashine ilivyoona."

"Mashine uliyoifundisha wewe."

"Ndiyo. Niliyoifundisha mimi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao pale ofisini. Watu huandika maoni mengi kuliko macho ya binadamu yanavyoweza kusoma, kwa hiyo makampuni huwapa wao wayasome kwa kompyuta. Kwa miezi mingi Kokuberwa alikuwa ameilisha mashine maelfu ya sentensi za watu, kila moja akiwa ameibandika jina lake: hii furaha, hii hasira, hii huzuni, mpaka mashine ikaanza kutambua yenyewe. Siku za kwanza ilimchekesha sana. Kijana akiandika "gemu kali", mashine ilidhani amekasirika. Akiandika "hii gemu itaniua", ilidhani ni msiba. Kokuberwa aliisahihisha kwa uvumilivu, kama mtu anayemfundisha mgeni lugha, hata ikajua Kiswahili cha vijana kumshinda mchungaji wao. Kampuni ya Dar ilipoleta maoni ya Kibanja cha Babu, Sumaiya alimwonya kwamba akiifanya kazi ile asimnong'oneze Kahigi lolote mpaka ripoti ifike kwa wenyewe. Naye aliahidi.

"Ulijua lini?" Kahigi aliuliza.

"Jumatatu."

Hapo ndipo alipogeuka. "Jumatatu jioni tulikuwa ufukweni. Tulikula sato kwenye sahani moja. Nilikuuliza kwa nini umekaa kimya, ukaniambia umechoka."

"Nilikuwa nimechoka."

"Koku."

"Sikuruhusiwa kusema, Kahigi. Kazi si yangu peke yangu. Ningesema, angeaibika Sumaiya."

"Na mimi nimeaibika mbele ya watu wa Dar, nikisikia habari za nyumbani kwangu kutoka kwenye simu." Alivuta kiti, akakaa mbele yake, karibu kiasi kwamba magoti yao yalikaribia kugusana. Sauti yake ilishuka, na iliposhuka ilimuumiza Kokuberwa zaidi. "Wanamchukia. Watu wanamchukia Edvina. Niambie kwa nini. Nilimpa kila kitu kizuri nilichokijua."

"Hawamchukii."

"Mashine inasema wana hasira."

"Wana hasira, ila si kwake. Mashine inajua hasira ikiiona. Haijui hasira hiyo inamwendea nani." Aligeuza kioo cha kompyuta. "Jana niliyasoma mwenyewe, moja baada ya jingine. Njoo usome na wewe."

Kahigi aliinama akasoma. Kokuberwa hakusoma, maana mengi alikuwa ameyashika kwa moyo. Alimtazama Kahigi tu, jinsi taya lake lilivyokuwa likikakamaa.

Mmoja alikuwa ameandika: *Gemu kali, michoro safi, ila Edvina anazingua. Kila kitu "nitafanya unavyotaka". Hana mdomo?*

Mwingine: *Nimejaribu makusudi kuuza shamba la mama yake. Akaniambia nitafanya unavyotaka. Nikajisikia vibaya, nikafunga gemu.*

Mwingine, wa kike: *Dada yangu aliolewa hivi hivi. Mpeni Edvina naye aseme jambo, hata moja.*

Na mwingine: *Aliyemtengeneza huyu msichana hajawahi kuongea na mwanamke.*

Kahigi alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Hawa ni watoto wa mtandaoni. Wamejazana huko wakitafuta wa kumsema."

"Ile sentensi uliitoa wapi?"

"Ipi?"

"Hiyo wanayoilalamikia. Nitafanya unavyotaka."

Uso wa Kahigi ukalainika, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alimtazama kama alivyozoea kumtazama. "Kwako. Siku ile tulipokwenda kutembea Bunena, nilipokwambia tutahamia Dar. Ulinishika mkono ukaniambia hivyo. Nilirudi Nshambya nikaiandika jioni ile ile. Koku, sijawahi kuambiwa neno zuri kama lile."

Kokuberwa aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka jinsi Kahigi alivyokuwa akieleza habari za Dar huku akitembea mbele yake kinyumenyume ili asiache kumtazama, mikono ikichora hewani nyumba, kazi, watoto. Furaha ile ilikuwa kubwa mno, imejaa kila mahali, hata Kokuberwa hakuona pa kuiweka hofu yake. Akasema neno ambalo lingemfanya aendelee kufurahi. Lilikuwa neno dogo, na wala hakujua kwamba lingeandikwa mahali.

"Sikutaka kwenda Dar," alisema.

Kahigi alikunja uso kama mtu aliyesikia vibaya. "Unasema?"

"Sikutaka siku ile. Na leo pia sijui kama nataka. Kazi yangu iko hapa. Mashine hii nimeilea mimi."

"Lakini tulikubaliana."

"Ulikubali wewe. Mimi yangu ya moyoni niliyanyamazia."

"Mtu akinyamaza mimi nijue nini? Nikufungue kifua nitazame?"

"Uniulize."

"Nilikueleza kila kitu, hatua kwa hatua."

"Kueleza si kuuliza." Sauti ilianza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Na habari za kanisa ulimweleza baba yako mdogo, wala si mimi. Nilisikia kwa watu, sokoni, kwamba nitaanza mafundisho ya Kikatoliki kwa padre. Watu wananipongeza. Mimi ni Mlutheri, Kahigi. Baba yangu ni mzee wa usharika. Unadhani Jumamosi, wazee wako wakifika, atalipokea vipi hilo?"

"Nilijua utakubali."

"Kwa nini ulijua?"

Kahigi aligeukia kompyuta. Jibu lilikuwa pale kwenye kioo, mbele yao, kwa maneno ya watu wasiowajua.

Alisimama, na kiti kikakwaruza sakafu. Kokuberwa alipenda kila kitu cha mtu huyu, hata namna alivyosimama akiwa na hasira, bega moja likiwa juu kuliko jingine. Alitamani kuinuka na kulishusha bega lile kwa kiganja chake, kama alivyofanya mara nyingi. Hakuinuka.

"Jumamosi wazee wanakwenda kwenu Muleba kukuposa," Kahigi alisema. "Baba mdogo ameazima mpaka gari. Kama hunitaki, niambie sasa hivi, nisiwatembeze watu wazima kwenda kuaibika."

"Sijasema sikutaki."

"Basi unasema nini?"

Kokuberwa alitaka kumjibu. Maneno yalikuwepo, mengi, ya miaka yote waliyopendana, yakisukumana kooni kama watu kwenye mlango mwembamba. Na kwa kuwa yote yalitaka kutoka kwa pamoja, halikutoka hata moja. Kahigi alingoja. Alingoja kwa kweli, uso ukimwomba. Kisha akageuka, akashuka ngazi.

Sumaiya aliporudi alimkuta bado ameketi, kidole gumba kikiwa ndani ya ngumi. Alivuta kiti kile kile alichokikalia Kahigi, akasoma yaliyokuwa kwenye kioo.

"Haya uliyasoma jana?"

"Ndiyo. Ripoti yetu si ya uongo, Sumaiya, lakini haijakamilika. Dar wanafikiri wachezaji wanataka Edvina afukuzwe. Wanataka asikilizwe."

"Basi andika hivyo, na sentensi zao uziweke kama zilivyo. Nitaituma kwa jina la ofisi." Sumaiya alisita kidogo. "Hiyo ni ya Dar. Na ya Muleba nani ataituma?"

Kokuberwa alivuta kibodi, akaanza kuandika ya Dar.

* * *

Ijumaa Kokuberwa alikwenda kwao. Nyumba ya baba yake, Mzee Rutaihwa, ilikuwa nje kidogo ya mji wa Muleba, katikati ya migomba, na tangu alfajiri ya Jumamosi uwanja ulikuwa umefagiliwa ukabaki na mistari ya ufagio. Shangazi Agnetha, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa ameshika jiko. Alikuwa akimenya ndizi bila kutazama kisu, na macho yake yote yalikuwa kwa Kokuberwa.

"Umekonda kabla hata hujaolewa," alisema. "Wengine hungoja kwanza."

"Shangazi, wewe uliulizwa?"

"Kuulizwa nini?"

"Kama unamtaka mume wako."

Agnetha alifikiri, akatupa ndizi kwenye sufuria. "Niliulizwa kama najua kulima. Nikasema najua." Akachukua ndizi nyingine. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa ya chini. "Wangeniuliza hilo lako, sijui ningesema nini. Sikuwahi kujiandaa."

Wageni walifika jua likiwa limepanda vizuri. Mzee Ildefons, baba mdogo wa Kahigi, alitangulia, kanzu nyeupe na koti jeusi, fimbo mkononi. Nyuma yake walikuwa wazee wengine na wanawake waliobeba vikapu. Kahigi aliingia mwisho. Kokuberwa, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba cha ndani, aliona kwamba hakuwa amelala vizuri. Macho yake yalizunguka sebule, yakafika kwenye pazia, yakabaki hapo.

Walipewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo desturi. Zikafuata salamu za Kihaya, ndefu na za heshima, kila mtu akijibu kwa "waitu", neno la adabu. Mzee Ildefons alijua kusema. Alisema walikuwa wakipita barabarani, wakaona kibanja kilichopaliliwa vizuri, wakajiambia kwamba watu wa hapa hawawezi kukosa binti mwenye adabu. Wazee walicheka. Hata Mzee Rutaihwa, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akisema kijana wa kuchezea simu hawezi kulisha mke, alitabasamu kidogo.

Kisha akaliweka tabasamu pembeni.

"Mzee Ildefons, maneno yako ni mazuri na nimeyapokea. Lakini kuna neno nimelisikia njiani, na sipendi neno likae njiani wakati wenyewe tupo. Nimesikia mmekwisha mtafutia binti yangu mafundisho kwa padre."

"Ni kweli, waitu. Nyumba moja haiwezi kuwa na makanisa mawili. Na binti mwenyewe alikwisha kubali."

Nje, kuku mmoja alikuwa akiparuza chini ya dirisha, na kila mtu alimsikia.

"Amekubali," Mzee Rutaihwa alirudia. Shingo yake ilikuwa imesimama kama ya mtu aliyepigwa kofi mbele ya wageni. "Agnetha, mlete Kokuberwa."

Agnetha alipovuta pazia, Kokuberwa alikuwa amekwisha jitokeza. Alipiga magoti kusalimia, kama alivyofundishwa, kisha akabaki pale chini kwenye mkeka. Alihisi macho yote mgongoni, begani, usoni. Ya Kahigi aliyajua bila kuyatazama.

"Omwana wange, mwanangu," baba yake alisema, "wazee hawa wanasema umekubali kuacha kanisa ulilobatiziwa. Ni kweli?"

Hapa angeweza kuyaokoa mambo. Angesema ndiyo, baba yake angeumia kimya kimya na Kahigi angepumua. Angesema hapana, wageni wangeondoka na baba yake angempenda maradufu. Majibu yote mawili yalikuwa mafupi, na yote mawili yalikuwa ya watu wengine.

"Sikukubali, Taata," alisema. "Wala sikukataa. Sikuulizwa."

Mzee Ildefons alimgeukia Kahigi polepole, fimbo ikiwa imesimama kati ya magoti yake. "Ulituambia amekubali."

Kokuberwa aliinua macho sasa. Kahigi alikuwa ametazama chini, mikono yake imeshikana. Kuusema ukweli kulikuwa ni kumvua nguo mzee aliyemlea, mbele ya watu wa kanisa jingine, katika nyumba ya watu. Kokuberwa alijua hilo. Alijua pia kwamba amlaumu asimlaumu, lolote Kahigi atakalosema sasa lingebaki kati yao maisha yote.

"Nilisema mimi, baba mdogo," Kahigi alisema. "Yeye hakusema chochote. Nilimwona kimya nikajijibia."

"Kwa hiyo nimesafiri kutoka Bukoba kuja kusema uongo."

"Uongo ni wangu. Naomba unisamehe. Nawaomba na wazee wa hapa mnisamehe."

Mzee Ildefons alianza kukusanya kanzu yake ili asimame. Mzee Rutaihwa alipumua kwa nguvu, na katika pumzi ile Kokuberwa alisikia faraja ya mtu aliyeshinda bila kupigana.

"Basi waitu, mambo yamejieleza," baba yake alisema. "Tusilaumiane. Binti yangu ni Mlutheri, na ataolewa na Mlutheri. Amekwisha sema."

"Sijasema hivyo, Taata."

Mzee Rutaihwa aligeuka. Hakuna aliyezoea kumsikia Kokuberwa akimkatiza mtu, achilia mbali baba yake.

"Sijasema hivyo," alirudia. "Ninampenda Kahigi. Mimi ndiye niliyemwambia alete wazee. Kanisa langu nalipenda pia, na kazi yangu. Sijui bado vitakaaje pamoja. Nilitaka tuyazungumze kwanza, lakini yeye aliamua upande wake. Na wewe Taata, niwie radhi, umeamua upande wako. Hata wewe hujaniuliza."

Mama mmoja upande wa wageni alijifunika mdomo kwa kanga. Mzee Rutaihwa alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kokuberwa alijiandaa kuambiwa aondoke. Uso wa baba yake ulikuwa wa mtu mwenye hasira, lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kingine ambacho hakuwahi kukiona hapo, na hakujua akiite nini.

"Leo sina jibu la kuwapa," mzee alisema hatimaye, akiwaambia wageni lakini bado akimtazama yeye. "Si la ndiyo, si la hapana. Lakini chakula kimepikwa, na hakuna anayetoka nyumbani kwangu na njaa. Mzee Ildefons, kaa, nakuomba."

Mzee Ildefons alikaa. Alikaa kwa sababu ya heshima, na kila mtu alijua hivyo.

* * *

Wageni walikula. Kokuberwa hakula. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda uani ambako kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa ziwa, akaona ni afadhali aizoe kabla ya mvua kuliko kusimama akilia. Alipiga magoti, akaanza kukusanya kwa mikono, akimimina kwenye kapu.

Alimsikia akija. Hakugeuka.

"Dar wameisoma nyongeza yenu," Kahigi alisema nyuma yake. "Wanasema nimbakize Edvina, ila nimpe maneno yake. Tangu jana nimekaa mbele ya kompyuta nikijaribu kumwandikia. Nimeshindwa. Sijui angesema nini."

Kokuberwa aliendelea kuzoa.

"Sikuja kukuuliza kwa ajili ya Edvina," aliongeza upesi.

"Najua."

"Ulinitia aibu leo."

"Najua hilo pia. Na wewe ulinitia aibu sokoni."

Kahigi alikubali kwa kichwa. Alipiga magoti upande wa pili wa mkeka, suruali yake ya sherehe kwenye vumbi. Kwa karibu alionekana mdogo kuliko umri wake, na amechoka. "Sijui kama nitaweza kuacha kwenda Dar, Koku. Sitaki kukudanganya. Kila nilichokipigania kiko huko."

"Na mimi sijui kama nitaweza kuhama kanisa. Nikimwona Taata amekaa peke yake Jumapili, sijui."

"Basi tumekwama."

"Labda."

Neno hilo lilikaa kati yao kwenye mkeka. Kokuberwa alidhani atainuka na kuondoka, kama alivyoondoka ofisini Alhamisi. Badala yake Kahigi alianza kuzoa kahawa upande wake, vibaya vibaya, nusu ikimponyoka katikati ya vidole.

"Na mimi je?" aliuliza bila kumtazama. "Mimi bado unanitaka?"

"Wewe nakutaka. Ndiyo maana niliogopa kusema mengine."

Mikono ya Kahigi ilisimama. Aliinua macho, na Kokuberwa akayaona yamelowa. Kwa mbele ya nyumba honi ya gari ililia, kisha ikalia tena, ndefu zaidi. Mzee Ildefons hakuwa mtu wa kungoja.

Kahigi aliinuka, akapotea kwenye kona ya nyumba. Kokuberwa alisikia sauti ya mzee ikipanda, sauti ya Kahigi ikijibu kwa upole, mlango wa gari ukibamizwa. Gari liliwaka, likaondoka, mngurumo wake ukapungua katikati ya migomba. Hakuthubutu kugeuza shingo.

Kishindo cha viatu vyake kilirudi kabla ya sauti yake.

"Wametangulia," Kahigi alisema. "Nitapanda gari la jioni. Baba mdogo amesema nisikanyage kwake mpaka atulie." Alipiga magoti tena mahali pale pale. "Anza popote. Sitakukatiza."

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye mkeka, kisha jingine. Kokuberwa alianza na siku ya Bunena, jinsi alivyotembea nyuma yake akitafuta nafasi ya kusema. Akaenda kwenye habari za sokoni, kwenye mashine yake, kwenye hofu ya kuishi mji ambao hajui hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba anaumwa. Aliyasema yakiwa yamevurugika, mengine mara mbili, mengine ya kumuumiza Kahigi na aliona yakimuumiza. Hakuyafupisha. Kahawa iliisha mikekani, wakahamia chini ya ukingo wa bati, mvua ikapiga kwa nguvu. Agnetha alitoka na kanga kichwani kuwaambia chakula chao kinapoa, akawatazama, akarudi ndani na kuufunga mlango taratibu ili usilie.